Kwa nini tulikataa kujazia ukuta kwa udongo wa kiwanjani

Mteja wetu mmoja wa Goba, Dar es Salaam, analalamika kwamba tumempiga pesa. Tulichimba kiwanja chake ili tujenge ukuta wa kuzuia kingo isiporomoke, udongo ukatoka, halafu tukamletea kifusi cha kununua kuja kujaza palepale tulipochimba. "Mlisema ukuta huu unatunza mazingira, mbona matipa yanapishana na dizeli nalipa mimi?" Si wa kwanza kuuliza hivyo, na ana haki ya kujibiwa.

Ukuta wa udongo ulioimarishwa hausimami kwa uzito wa zege. Nyavu ngumu za plastiki, jiogridi, hulazwa kuelekea nyuma ya ukuta kila baada ya sentimita 40 hadi 60 za kimo, na udongo ulioshindiliwa ndio unaozibana. Tofali za mbele zinazuia uso usimomonyoke tu. Mfaransa Henri Vidal, aliyeanzisha ujenzi huu miaka ya 1960, alitumia mikanda ya chuma, lakini kanuni ni ileile: udongo ndio ukuta wenyewe. Kuweka udongo mbovu ni kama kupunja nondo kwenye nguzo.

Ukuta wa mawe wa kimo cha mita 3, wenye unene wa wastani wa mita 1, unakula mifuko kama 7 ya saruji kwa kila mita ya ukuta. Wetu wa kimo hichohicho unakula karibu nusu yake, pamoja na kilo chache za plastiki. Ukijua kwamba tani 1 ya klinka, malighafi ya saruji, hutoa kilo 800 hadi 900 za hewa ya ukaa kiwandani, hiyo ni nafuu ya kweli. Lakini safari ndefu za kifusi zinaila nafuu hiyo, na ukuta ukibomoka inaisha yote.

Kwa hiyo udongo tunaupima kwanza. Ule wa Goba tuliulowesha na kuukanda kati ya kidole gumba na cha shahada, ukatoa utepe mrefu usiokatika: mfinyanzi mtupu. Kwa kazi hii, chembe laini zinazopita kwenye ungo wa milimita 0.075 hazitakiwi kuzidi asilimia 15. Mfinyanzi unashika maji, unavimba, na wavu unateleza ndani yake. Maji yakijaa nyuma ya ukuta wa mita 3 yanausukuma kwa karibu tani 4.5 kwa kila mita, mbali na msukumo wa udongo. Ndiyo maana bili ina kokoto na bomba la kutolea maji ambavyo mteja havioni kazi ikiisha. Kiwanja kingine, hukohuko Goba, kilikuwa na udongo wa kichanga. Tuliutumia wote na bei ikashuka.

Kimara tulimaliza ukuta mzuri, mteja akaleta fundi wake achimbe shimo la maji taka nyuma yake. Fundi alikata nyavu tatu kwa panga na kuendelea kuchimba. Masika yalipofika ukuta ukatoa tumbo. Kuurekebisha kulimaanisha kufukua hadi chini: kifusi kimechanganyika na tope, jiogridi hazifai tena, tofali nyingi zimevunjika. Ukuta mmoja umegharimu vifaa vya kuta mbili, na wa mawe ungekuwa nafuu kwake na kwa mazingira.

Makongo mteja alituambia tufupishe nyavu ziwe mita 1 kwa sababu nyumba iko karibu. Kwa kimo cha mita 3 zinatakiwa angalau mita 2.1. Tulikataa, tukamshauri ajenge ukuta wa zege la nondo, na kazi akapewa mwingine.

Kuhusu bei ya ufundi: tunashindilia tabaka la sentimita 15 hadi 20 kwa wakati mmoja, na mita 1 ya mbele tunatumia mashine ndogo ya mkono ili tofali zisisukumwe. Ni kazi ya polepole. Anayekutajia nusu ya bei yetu mara nyingi anamwaga tipa zima na kushindilia juu juu, nawe hutaona tofauti mpaka mvua.

Ndugu yetu wa Goba, sehemu ya udongo wako tuliirudisha. Sentimita 30 za juu ni mfinyanzi wako, umeshindiliwa kwa mteremko ili mvua itiririke isizame kwenye kifusi. Usiruhusu mtu auchimbe kupanda migomba.

Wengine mnaotaka makadirio, tutumieni kimo cha kingo, nafasi iliyopo hadi nyumba, picha ya udongo kutoka kina cha mita 1, na mahali maji ya jirani yanapoelekea. Bei ya kila mita kwa simu hatutoi.