Mkono unanuka panya

Swahiba,

Huku Arua tuko poa, joto tu na vumbi la boda. Nimefurahi kibali cha UWA, mamlaka ya wanyamapori ya Uganda, kimetoka na chatu umeshampokea, wengi hufuga kwa kujificha halafu wanakuja kulia.

Sasa unaniuliza mbona amekudaka kidole. Bwana we, umeshika panya halafu ukaingiza mkono uleule kwenye kizimba chake! Chatu anafuata harufu na joto, ana vitundu pale mdomoni vya kusikia joto, sasa kidole cha moto kinanuka panya yeye adhani nini? Nawa sabuni kabla ya kumshika, na baadaye nawa tena, hiyo ya pili ni kwa ajili yako na watoto, nyoka anabeba salmonela, vijidudu vya kuharisha, hata akiwa mzima kabisa.

Mlishe jioni, kwa koleo refu la kumshikia panya. Huyo bado mdogo, mara 1 kwa wiki inatosha, na panya asipite unene wa tumbo lake. Panya hai sitaki hata kusikia, niliacha mmoja kizimbani usiku, asubuhi nakuta kamtafuna nyoka mgongo, kovu lipo mpaka leo. Siku hizi natoa wa kwenye friza, akishayeyuka namtia kwenye mfuko ndani ya maji moto mpaka apate joto. (Mama watoto kanifukuza kwenye friza ya nyama, nikanunua kadogo kangu. Ana haki.)

Akishakula usimguse siku 2. Mimi wageni walikuja, nikataka sifa, nyoka kala jana yake nikamtoa nikamvisha shingoni, hata chai haijapoa akaanza kupiga miayo, mara panya huyo mzima amelowa, manyoya yanang'oka, chapa kwenye shati langu la Idi, na ile harufu ndugu yangu, wageni wote nje! Nilisubiri wiki 2 ndo nikamlisha tena, kidogo. Stima ikikatika usiku wa baridi pia usimlishe, bila joto hasagi chakula.

Ukimtoa, mguse kwanza ubavuni na fimbo ajue si msosi, halafu mbebe kwa mikono yote 2, kichwa kiache. Macho yakiwa na ukungu anataka kujivua gamba, muache. Na aking'ata usivute mkono, meno yamepinda kwenda nyuma, yatakuchana.

Ijumaa napanda basi, nakuletea koleo langu la zamani. Usimlishe kabla sijafika.