Barua ya wazi kwa Waziri wa Usafiri wa British Columbia kuhusu meli zetu

Nanaimo, British Columbia, Kanada

Mheshimiwa Waziri,

Salamu kutoka Nanaimo. Nakala ya Kiingereza ya barua hii nimeshaituma ofisini kwako Victoria. Hii ya Kiswahili naiweka hadharani kwa ajili ya ndugu zangu wanaoishi jimboni humu na kulipa kodi humu, maana jambo lenyewe ni letu sote.

Nimezaliwa Unguja, ambako bila chombo cha baharini huendi popote. Huku Kisiwa cha Vancouver nimekuta mambo ni yaleyale. Mgonjwa aliyeandikiwa kumwona daktari bingwa ng'ambo anangoja meli, mwanafunzi anangoja meli, lori la mboga nalo limo kwenye foleni ya gati ya Departure Bay tangu alfajiri. Kwetu sisi wa kisiwani meli ni barabara. Serikali ya W.A.C. Bennett, waziri mkuu wa jimbo wakati ule, ililielewa hilo baada ya migomo ya mwaka 1958 kuzisimamisha kampuni binafsi za vivuko. Ikaanzisha vivuko vya umma, na Juni 1960 meli mbili zilizojengwa humuhumu jimboni zikaanza kazi kati ya Tsawwassen, upande wa bara, na Swartz Bay, huku kisiwani.

Kinachonifanya niandike ni jibu ninalopewa kila nikiuliza kwa nini meli kubwa nne mpya, zilizotangazwa Juni 2025, zinakwenda kujengwa China. Naambiwa: "Umesahau zile meli za kasi?"

Sijasahau, Mheshimiwa. Nadhani waliosahau ni wale wanaonijibu hivyo.

Mwaka 1994 Glen Clark, akiwa waziri kabla hajawa waziri mkuu wa jimbo, alitangaza kwamba serikali itajenga meli tatu za alumini za aina ya katamarani, yaani zenye miili miwili iliyounganishwa juu. Bei ilitajwa kuwa dola milioni 210 kwa zote tatu. Kila moja ingebeba magari 250 na watu wapatao 1,000, na safari ya Horseshoe Bay, upande wa bara, hadi Nanaimo ingepungua karibu nusu saa. Viwanda vya hapa vingejifunza kazi ya alumini, kisha viuze meli kama hizo duniani. Nia ilikuwa njema, nami siibezi hata leo.

Ya kwanza ilianza kazi mwaka 1999, imechelewa sana. Mawimbi yake yakapiga fukwe na magati madogo ya watu, ikalazimika kupunguza mwendo, na ule muda uliokuwa sababu ya kuijenga ukapotea. Mitambo yake, iliyoisukuma meli kwa kurusha maji nyuma, ilikuwa ikinyonya vipande vya mbao na magogo yanayoelea kwenye bahari hii. Gharama ikafika karibu dola milioni 460. Meli ya tatu haikupata hata siku moja ya kubeba abiria. Machi 2003 zote tatu zilipigwa mnada kwa dola milioni 19.4, na baadaye zikauzwa tena kwa kampuni ya Abu Dhabi.

Nyumbani kwetu boti za mwendokasi za Dar es Salaam na Unguja nazo ni katamarani za alumini, na zinafanya kazi vizuri. Lakini hizo hubeba watu na mizigo yao, hazibebi magari 250. Chombo kinachofaa bahari moja huenda kisifae nyingine, na swali hilo huulizwa kabla ya chuma cha kwanza kukatwa.

Je, liliulizwa? Mkaguzi Mkuu wa jimbo, George Morfitt, alichunguza mradi huo na kutoa ripoti mwaka 1999. Alionyesha kwamba serikali iliamua bila taarifa za kutosha, kwamba bajeti na ratiba havikuwa vya kweli, na kwamba haikueleweka mamlaka ya waziri yanaishia wapi na kazi ya bodi ya shirika la vivuko inaanzia wapi. Hakuna mahali alipoandika kwamba watu wa British Columbia hawajui kujenga meli.

Jirani yangu ni mzee mstaafu aliyekuwa fundi wa kuchomelea kwenye mradi ule. Dirishani kwake ana kipande cha alumini, urefu wa kiganja, alichokitoa kwenye mabaki ya kazi. Mshono umepita katikati, laini, umepangika kama magamba ya changu. Ukiupitisha kidole huoni pa kukwama. Aliniambia kwamba kwa miaka mingi hakupenda kumtajia mtu yeyote kazi aliyoifanya miaka ile, kwa jinsi watu walivyokuwa wakicheka. Mzee yule hakupanga bajeti wala hakuchagua umbo la meli. Aliletewa mchoro, akaunga.

Na katika miaka hiyohiyo, 1993 na 1994, mafundi wa jimbo hili walijenga Spirit of British Columbia na Spirit of Vancouver Island, kila moja ikibeba watu zaidi ya 2,000. Zinasafiri hadi leo. Mbona hizo hazitajwi?

Mwaka 2003 serikali iliyofuata ikalitoa shirika la vivuko mikononi mwa mawaziri na kulifanya kampuni inayojitegemea. Tangu hapo meli nyingi mpya zimejengwa Ujerumani, Poland na Romania, na sasa China. Safari hii hakuna kiwanda cha Kanada kilichopeleka zabuni. Serikali yako ilisema haikufurahia, ila uamuzi ni wa kampuni. Hapo ndipo ninapopata uchungu, Mheshimiwa. Wakati ule mkono wa waziri ulikuwa kila mahali, na leo haupo popote. Mara zote mbili mwananchi aliyeko gatini amekosa mtu wa kumjibu kabla mkataba haujatiwa saini.

Siombi mkataba wa China uvunjwe. Meli zinazostaafu zimechoka: Queen of New Westminster ni ya mwaka 1964, na tunazihitaji mpya. Naomba hivi. Orodha ya meli zote zitakazohitajika kwa miaka 20 ijayo itangazwe sasa, pamoja na ukubwa na njia zake, ili viwanda vya hapa vijue vinajiandaa kwa kazi gani na vijana wafundishwe mapema. Kiwanda hakiwezi kuajiri mafundi kwa matumaini ya zabuni moja kila miaka 10. Pia, kabla ya mkataba wowote mkubwa, tathmini ya wataalamu wasio na maslahi iwekwe hadharani, na mtu mwenye mamlaka aje Nanaimo, Powell River na Prince Rupert kuulizwa maswali uso kwa uso.

Ukija Nanaimo, nitakupeleka kwa mzee yule ukaone kipande chake cha alumini. Nimeshamwomba, naye amekubali.

Wako katika ujenzi wa jimbo,

Abiria wa Departure Bay