Barua kwa mpwa wangu aliyenunua gesi ya kukatia chuma

Mpwa wangu,

Ile picha uliyonitumia juzi usiku nimeirudia mara nyingi. Mitungi miwili, wa oksijeni na wa asetilini, imelala nyuma ya pikapu, na wewe umeegemea mlango unacheka. Kwamba umeamua kujifunza nimefurahi sana. Pikapu inayobeba samaki hapo Tanga haiwezi kukwepa kutu. Maji ya chumvi yanachuruzika kutoka kwenye masanduku mpaka kwenye springi za nyuma, miaka inapita, na siku ukitaka kubadilisha bushi unakuta yubolti zimeganda, spana inateleza, nati imebaki duara. Hapo moto ndio dawa. Lakini mtungi wa asetilini haulazwi, mpwa wangu, na ndiyo maana nimeshindwa kusubiri mpaka tuonane.

Gesi ile haikai mtungini peke yake. Imeyeyushwa ndani ya asetoni, na asetoni imenywewa na kitu chenye vitundu kama sponji kilichojaa mtungi mzima. Ukiulaza, asetoni inasogea kwenye vali, na ukifungua inatoka pamoja na gesi. Usimamishe leo hii, uufunge nguzoni kwa mnyororo, na usiufungue leo wala kesho. Siku ya kuutumia, presha ya kwenda kwenye tochi, yaani kile kifaa cha mkononi kinachotoa moto, isizidi 15 psi, karibu baa 1. Oksijeni unaipandisha kulingana na unene wa chuma, lakini asetilini ikibanwa kupita hapo inaweza kulipuka yenyewe bila cheche yoyote.

Oksijeni yenyewe haiwaki, basi watu wanaizoea vibaya. Sisi mafundi wa magari mikono yetu ina grisi toka asubuhi. Grisi ikikutana na oksijeni yenye presha kubwa inaweza kushika moto palepale unapofungua mtungi. Nawa kwa sabuni kabla hujagusa regyuleta, kile kifaa cha kupimia na kupunguza presha ya mtungi, na nati ikikaza usithubutu kuipaka oili. Ukiona nati za upande wa asetilini zinafungwa kinyume, usidhani umeuziwa kitu kibovu. Zimetengenezwa hivyo ili mipira ya kupitishia gesi isichanganywe.

Sasa kukata. Watu wanadhani tochi inayeyusha chuma kama mshumaa. Sivyo: chuma kinaungua. Unakipasha mpaka kiwe chekundu cha kung'aa, kwenye nyuzi kama 900 hivi, ndipo unabonyeza mkono wa oksijeni, na chuma chenyewe kinageuka kuni. Ukibonyeza mapema kinapoa na kutema cheche bila kukatika. Ukisubiri rangi yake, kinapasuka kwa mstari mwembamba, na kwa kweli sijaona kazi nyingine ya gereji inayopendeza hivyo. Kwa sababu hiyohiyo usihangaike na aluminiamu wala chuma cha kumimina, haviungui namna hiyo.

Na mara nyingi huhitaji kukata. Pasha nati peke yake, itanuke, kisha ijaribu kwa spana. Ila nati ya tairi usiipashe moto tairi likiwa bado kwenye rimu. Joto linapita kwenye rimu, mpira unaanza kuungua kwa ndani, na tairi linaweza kupasuka kwa nguvu ya kuua mtu. Shokapu usiiguse kwa moto, ndani kuna oili na gesi iliyofungiwa. Tenki la petroli lililo tupu ndilo baya zaidi, kwa kuwa limejaa mvuke wa petroli.

Sijawahi kukusimulia hili. Mwaka niliojifunza, nilikata boliti moja chini ya sakafu ya gari langu mwenyewe. Ilikatika vizuri. Nikazima, nikaenda kunywa chai. Niliporudi, moshi ulikuwa unatoka dirishani. Joto lilikuwa limepita kwenye bati na kushika zulia kwa juu, mahali nisipopaona nikiwa chini ya gari. Mama yako ndiye aliyekuja mbio na mchanga. Tangu siku hiyo nang'oa zulia na viti kwanza, namweka mtu ndani ya gari na ndoo, na nikimaliza nakaa hapo saa nzima.

Kuhusu maziwa: watakwambia ukivuta moshi wa bati la zinki unywe maziwa. Kunywa kama una njaa. Homa inayoletwa na moshi huo huizuii kwa maziwa, kwangua rangi na zinki kwanza, fanyia kazi nje, upepo ukupige mgongoni.

Jumamosi nakuja na basi la asubuhi. Usiwashe chochote kabla sijafika. Tafuta vipande vya chuma chakavu vya milimita 6 tuanzie hapo, ndoo mbili za mchanga, na miwani ya giza namba 5. Vile vizuizi vya moto kurudi kwenye mipira nitakuletea mimi, kwenye picha yako sijaviona.

Mjomba wako