Barua kwa Salum kuhusu Peugeot yake ya PX-10

Lyon, 9 Machi

Ndugu yangu Salum,

Salamu nyingi kwako, kwa shemeji na kwa watoto. Sisi huku hatujambo.

Picha zako nimezipata na nimezitazama moja moja. Hongera sana. Hiyo ni PX-10 yenyewe, baiskeli ya zamani ya mashindano ya Peugeot: stika ya Reynolds 531, yaani jina la bomba zake za chuma, kwenye bomba la kiti, krenki (mikono ya pedali) za Stronglight, breki za Mafac kutoka Clermont-Ferrand, gia za Simplex kutoka Dijon. Baiskeli ya namna hii ndiyo timu ya Peugeot ilikuwa ikishindana nayo, na kuipata ikiwa na vifaa vyake vyote ni bahati. Sasa umesema Jumamosi unaifungua yote. Tafadhali soma kwanza barua hii hadi mwisho, maana baiskeli nyingi za aina hiyo zimeharibiwa mezani kwa fundi, na fundi mwenyewe alikuwa hodari.

Shida iko kwenye vipimo. Wafaransa wa wakati huo walikuwa na vipimo vyao vya milimita, wakati vifaa unavyovikuta madukani leo vimefuata vipimo vya Kiingereza vya inchi. Tofauti ni ndogo mno kwa macho. Shingo ya usukani ya Kifaransa ni milimita 22.0, ya kawaida ni 22.2. Pedali ya Kifaransa ni milimita 14 kwa 1.25, yaani upana wa skrubu kwa nafasi kati ya uzi na uzi, ya kawaida ni inchi 9/16, yaani karibu milimita 14.3. Kwa hiyo kifaa kisicho chake huingia, huzunguka mara mbili tatu, halafu kinakaza. Ukiongeza nguvu hapo umeua nyuzi, ile mikato ya skrubu. Nunua kalipa, kile kifaa cha kupimia milimita, kabla ya spana yoyote, na kila kinachotoka kwenye baiskeli kipime na ukiandike.

Anza na krenki, kwa sababu ndipo hasara kubwa inapotokea. Kofia ya vumbi ikishatoka utaona kichwa cha bolti cha milimita 16. Tumia soketi yenye ukuta mwembamba, nene haiingii. Ukitoa bolti, tazama ndani kwa tochi: washa mara nyingi hubaki imenata chini kwa grisi kavu. Ichokoe itoke. Washa ikibaki, pula, chombo cha kung'olea krenki, itasukuma washa badala ya ekseli, na nyuzi za krenki zitang'oka zote. Halafu pula yenyewe. Nyuzi za Stronglight ya miaka hiyo ni milimita 23.35. Pula ya kawaida ni 22, hiyo itachezacheza tu na utaikataa mwenyewe. Ya hatari ni ya TA, watengenezaji wengine wa krenki wa Kifaransa, milimita 23, kwani inaingia na inaonekana imeshika, kumbe imeshika ncha za nyuzi tu. Inayotakiwa ni ya 23.35. VAR, watengenezaji wa zana wa Kifaransa, waliitengeneza, na zilizotumika bado zinauzwa. Safisha nyuzi kwa mswaki na mafuta mepesi, izungushe pula kwa vidole mpaka mwisho wa nyuzi, ndipo ukaze kwa spana. Kama vidole haviwezi kuifikisha mwisho, toa, safisha tena. Alumini haikupi nafasi ya pili.

Krenki zikitoka, unakutana na vikombe vya gololi vinavyoshika ekseli kwenye fremu. Cha kushoto kinafunguka kinyume cha saa kama ulivyozoea. Cha kulia ndicho mtego. Kwenye baiskeli ya Kiingereza kikombe cha kulia kina nyuzi za kushoto, hivyo kinafunguliwa kwa kufuata saa. Kwa Kifaransa, nyuzi ni 35 kwa 1 na pande zote mbili ni za kulia: kikombe cha kulia nacho kinafunguliwa kinyume cha saa. Ukikosea unakikaza zaidi, unaongeza bomba la mkono, na mwisho spana inateleza na kuchana rangi. Viwanda vingine vya Kifaransa wakati huo, Motobécane kwa mfano, walitumia mtindo wa Uswisi: kipimo ni kilekile 35 kwa 1, lakini kulia nyuzi ni za kushoto. Kwa hiyo maandishi ya 35 x 1 peke yake hayakwambii mkono wa nyuzi. Toa kikombe cha kushoto na ekseli, futa ndani kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, kisha mulika nyuzi zilizo wazi pande zote mbili. Zikiinamia upande mmoja, ni Kifaransa. Zikipingana, ni Uswisi.

Na ukishajua, huenda usikitoe kabisa. Kikombe cha kulia kilicho kizima kiache mahali pake, kisafishe kikiwa humohumo. Kupima uzima wake chukua kalamu ya wino, ipitishe ncha taratibu kwenye njia ya gololi mzunguko mzima. Ncha ikiteleza bila kukwama, kikombe ni kizima. Ukisikia vijishimo, kimeliwa. Gololi weka mpya, robo inchi, kumi na moja kila upande, zikiwa huru bila kile kikapu cha bati, kwenye grisi ya kutosha. Ekseli ina upande mrefu na upande mfupi. Mrefu unakaa kulia, penye minyororo. Kaza kikombe cha kushoto mpaka uhisi ekseli inagoma kidogo, rudisha kiasi kidogo sana, shika kikombe kisizunguke, kisha funga pete yake.

Kama kikombe cha kulia ni lazima kibadilishwe, jua kwamba chenye nyuzi za kulia kina tabia ya kulegea chenyewe, kwa sababu mzunguko wa pedali unakivuta kuelekea kufunguka. Hii ndiyo sababu Waingereza waliweka nyuzi za kushoto upande ule. Kipake gundi ya nyuzi ya nguvu ya kati, kisha kikaze kwa bolti nene iliyopita katikati yake, washa kubwa nje na ndani, nati ikishikiliwa kwa ndani: ukizungusha kichwa cha bolti kufuata saa, bolti na kikombe vinakaza pamoja. Bolti hiyo inafaa kukazia. Kufungulia haifai kwa nyuzi hizi, kwani yenyewe inalegea kwanza. Ukitaka kuachana na vikombe vya zamani, Phil Wood wana pete za nyuzi za Kifaransa na za Uswisi kwa ajili ya ekseli zao za beringi zilizofungwa.

Sasa shingo ya usukani. Katika picha ya tatu naona maandishi ya AVA. Salum, hiyo itoe na usiipande tena hata kwa kuizungusha uani. Shingo za AVA zinajulikana kwa kupasuka: mpasuo huanzia mwisho wa ule mkato wa chini, ambapo kabari ya bolti inaipanua, na unapanda juu ndani ya bomba la foki usikoweza kuuona. Ikivunjika, usukani wote unabaki mikononi mwako. Usiitafutie fundi wa kuichomelea. Shingo ya kisasa ya 22.2 inaweza kukaa ukiipunguza kwa msasa: sehemu inayoingia ndani tu, msasa namba 120, kisha 400, ukizungushia pande zote sawasawa na kupima kila mara mpaka 22.0. Iingie kwa mkono na grisi, bila nyundo. Ukiilazimisha ikiwa 22.2 inatanua bomba la foki, na foki ya nyuzi za 25 kwa 1 kuipata nyingine ni kazi. Kumbuka pia usukani wa zamani wa Kifaransa mara nyingi ni milimita 25.0 penye kushikwa. Shingo ya 25.4 itaubana lakini utateleza ukipiga breki kali.

Nguzo ya kiti ya PX-10 kwa kawaida ni 26.4. Kama imekwama, mimina mafuta ya kupenya juu na chini, iache siku kadhaa, kisha bana kichwa cha nguzo kwenye jiliwa na uzungushe fremu yote kwa mikono miwili. Usitie moto. Bomba za 531 ni nyembamba katikati, na rangi hiyo nyeupe hutaipata tena.

Breki za Mafac zina nguvu kuliko sifa zake, na kelele kuliko sifa zake pia. Kelele inatoka pale pedi inapogusa rimu yote kwa pamoja, au nyuma kwanza. Sehemu ya mbele ya pedi iguse kwanza, nyuma ibaki na nafasi ya milimita moja hivi. Kama mpangilio wa bolti haukufikishi hapo, shika mkono wa breki kwa spana ya malaya iliyozungushiwa kitambaa na uukunje kidogo mno, au piga tupa uso wa pedi. Pedi za zamani zimekuwa ngumu kama mawe, zitupe. Kool-Stop wanatengeneza zinazoingia kwenye Mafac. Waya badilisha zote, pamoja na ule mfupi wa katikati unaounganisha mikono miwili.

Gia za Simplex ni za plastiki inayoitwa Delrin, na plastiki hiyo huwa kavu kwa miaka na jua. Ya mbele hupasuka kwenye kola inayoshika bomba la kiti. Ikaze mpaka isisogee, basi. Bomba hilo ni milimita 28.0, kwa hiyo kola ya kawaida ya 28.6 itahitaji ukanda mwembamba wa bati la alumini. Ya nyuma ikifa, tundu lake kwenye fremu halina nyuzi. Fundi anaweza kulikata nyuzi za 10 kwa 1 ili lipokee gia ya kisasa. Lakini mimi nisingekata chuma hicho maadamu ya Simplex inafanya kazi. Mnyororo mpya wa gia sita hadi nane unatembea vizuri kwenye friwili (kile kifungu cha gia za nyuma) ya gia tano.

Kuhusu friwili: ya Kifaransa ni 34.7 kwa 1. Friwili ya Kiingereza ni pana kidogo, inaingia kwenye habu yako kwa urahisi wa kutia shaka, halafu siku ya mlima inachomoka na nyuzi zote. Inayokaza tangu mwanzo nayo usiilazimishe. Pedali zitazame mwisho wa ekseli: D ni ya kulia, G ni ya kushoto. Kama ni Lyotard zitunze, fungua, weka gololi mpya. Ukitaka kuweka pedali za kisasa, krenki inaweza kupitishwa tapu ya 9/16, ya kulia na ya kushoto kila moja kwa upande wake, na mafuta ya kukatia. Ila ukishafanya hivyo pedali za zamani hazishiki tena.

Rangi usiipake upya. Sabuni, maji ya vuguvugu, kitambaa laini, kisha nta ya gari. Kutu juu ya kromu inasuguliwa kwa karatasi ya alumini ya jikoni iliyoloweshwa maji. Inatoka bila kukwaruza.

Magurudumu yako ni ya tairi za kugundi. Gundi ya zamani huonekana imeshika kumbe imekauka, na tairi hujivua kwenye kona. Kwa kuendea mbali funga rimu za 700C za kawaida. Breki zitafika palepale. Na ile baiskeli ya pili uliyoitaja, ya mizigo, ukikuta imeandikwa 650B usihangaike na tairi: kipimo cha rimu yake ni milimita 584, sawa na baiskeli za milimani zinazouzwa kwa jina la 27.5. Usichanganye na ishirini na nane za nyumbani, zile Phoenix na Hero, ambazo rimu yake ni 635. Pia kama ina krenki za kotapini, yaani zinazofungwa kwenye ekseli kwa pini, za Kifaransa ni milimita 9.0, zile za 9.5 utakazoletewa kutoka nyumbani hazitaingia.

Ukitaka kuipeleka L'Eroica, ile safari ya baiskeli za zamani huko Gaiole, Italia, wanadai baiskeli ya kabla ya 1987, vishikizo vya gia kwenye bomba la chini, pedali zenye kamba, na waya za breki zinazopita nje juu ya usukani. Yako inatimiza yote kama ilivyo. Anjou Vélo Vintage ya Saumur, kando ya mto Loire, ni tambarare zaidi. Kwa Gaiole, sahani za meno 52 na 45 zitakutesa. Angalia kama krenki zako za Stronglight ni za toleo la 49D au 93. Ya 49D inapokea sahani za TA zenye mashimo ya duara la 50.4, hivyo unaweza kuweka 46 na 30. Ya 93 ina duara la 122 na haishuki chini ya meno kama 38, hapo badilisha friwili badala yake.

Nitumie picha ya upande wa ndani wa krenki ya kulia, namba iliyopigwa kwenye vikombe, na kipimo cha nguzo ya kiti. Pula ya 23.35 ninayo hapa, nitaituma kwa posta wiki hii. Usiguse krenki mpaka ifike.

Wasalimie wote.

Wako,
Hamisi