Dogo wa gorila akikupigia kifua usimjibu: tunachoongea na wateja wetu Arusha kabla hawajaondoka

Mteja wetu mmoja, mama wa Moshi, alirudi kutoka Rwanda na picha nzuri kweli lakini ana kitu kinamsumbua. Anasema kwenye ile saa moja ya kukaa na gorila kuna dogo alimsogelea, akajipigapiga kifua, akapiga chini na kiganja, akajibiringisha majanini afu akageuka kumcheki kama anaangalia. Mama wa watu akanyoosha mkono, mwongozaji wa hifadhi akamrudisha nyuma fasta. "Sasa si alikuwa ananiita?" ndo swali alilotuuliza ofisini, na kweli alikuwa anaitwa, ila sisi hatukumwandaa. Iliniuma. Tangu hapo kila mteja wa gorila tunakaa naye saa nzima kabla ya safari, chai ipo, tunaongelea ishara.

Kabla ya yote, kwa sababu tunaulizwa kila wiki: Tanzania hatuna gorila porini. Wale wa Gombe na Mahale ni sokwe, mnyama mwingine, mwili mdogo zaidi. Gorila wa milimani wapo Rwanda, Uganda na Kongo peke yake na wote kwa ujumla ni elfu moja na kidogo tu, ndo maana masharti ni makali.

Haya, ishara. Watafiti waliochapisha kazi yao mwaka 2009, wakichanganya gorila wa kwenye zuu na wa porini (hao ni wa tambarare za magharibi, ndugu wa hawa wa milimani), walihesabu aina 102. Kuna za kimya, mfano kutikisa mkono au kichwa, kuna za kelele kama kupiga chini au kifua, na kuna za kugusa, kusukuma, kuvuta mwenzako. Nyingi utaziona wakicheza, na wanaocheza muda wote ni watoto, kwahiyo ukitaka kuona maongezi yenyewe usikodolee dume kubwa tu, angalia madogo.

Na kitu ninachopenda kuliko vyote ni hiki: dogo anaangalia kwanza kama mwenzake anamwona. Kama anamwona anaweza kutumia ya kimya, kama kampa mgongo hapotezi muda kupunga hewani, anamfuata anamgusa au anamvuta. Akishafanya anasubiri, asipojibiwa anarudia au anabadilisha anatumia nyingine, sawa kabisa na mtoto wako anayekuvuta kanga wakati unaongea na simu. Uso nao unasema. Mdomo ukiwa wazi umelegea, hata kama wanang'atana na kuburuzana ujue ni mchezo.

Kifua hawapigi na ngumi kama watu wanavyoigiza, viganja viko wazi vimekunjwa kidogo kama kikombe. Cha dume kubwa kinasikika hadi kama kilomita moja, na utafiti wa Rwanda uliotoka 2021 ulionyesha dume mwenye mwili mkubwa mlio wake ni mzito zaidi, yaani wenzake wanaweza kujua ukubwa wake bila kumwona. Dogo akipiga kinatoka kasauti kadogo tu, mara nyingi anataka mtu wa kucheza naye.

Sasa kwanini usimjibu? Kwa sababu ukijibu atakuja, na mama yake na yule dume wanaona. Afu kuna mafua. Gorila anaambukizwa magonjwa yetu ya kifua, na kikohozi ambacho wewe unakunywa tangawizi kinaisha, yeye kinaweza kumuua. Kwahiyo barakoa unavaa, umbali ni mita 10, dogo akikusogelea unarudi nyuma taratibu, mikono yako unaibana mwilini, hupungi, hupigi makofi, na dume humkodolei macho kwa sababu kwake huo ni ugomvi. Jamani najua ni ngumu, mtoto anakuita na wewe unanyamaza, ila ndo kumpenda kwenyewe.

Kuhusu gharama, kibali cha Rwanda kwa mgeni wa nje ni dola 1,500 lakini sisi raia wa Afrika Mashariki kwa sasa ni dola 200, watu wengi hawajui hili wanakata tamaa mapema. Chini ya miaka 15 haruhusiwi, msilie na sisi. Tunashughulikia kibali, ndege kutoka KIA, gari la Kigali hadi Musanze, mji wa karibu na hifadhi ya gorila, na pa kulala. Juni hadi Septemba vibali vinaisha haraka, ulizia miezi kadhaa kabla. Na ukiamka na mafua siku ya kupanda mlima mwambie mwongozaji wetu palepale hotelini, kabla hamjaingia msituni, hata kama roho inakuuma.