Kunukuliwa si kipimo pekee cha mtafiti wa saratani

Mhariri,

Makala yenu iliyompima mtafiti wa dawa za saratani kwa idadi ya mara alizonukuliwa na watafiti wengine katika maandiko yao imenikumbusha Denis Burkitt, daktari wa upasuaji wa Mulago, Kampala, ambaye mwaka 1958 alieleza katika jarida la Uingereza uvimbe wa saratani katika mataya ya watoto wa Afrika, na wasomaji wakaupita karibu kimya kimya. Mwaka 1961 alisafiri kiasi cha maili 10,000 kwa gari kuukuu, akiuliza kuhusu uvimbe huo hospitali moja baada ya nyingine, kazi isiyo na safu yake katika majedwali ambayo vyuo vyetu hupimia watafiti. Baadaye baadhi ya wagonjwa wake walipona kwa dawa, na mwaka 1972 akapewa tuzo ya Lasker, tuzo kubwa ya Marekani ya utafiti wa tiba. Je, kamati ya kupandisha vyeo ingemwona mwaka 1959?

Msomaji wenu,
Dar es Salaam