Usimwachie bado huyo kasa

Mafinga, mwezi wa Saba

Shoga yangu mpendwa,

Kamwene! Huku tu wazima, ila baridi imetukamata. Ukungu unakaa mpaka saa nne asubuhi, na wanaoleta maziwa wanapita wamejitanda mablanketi. Kasa wako unayemuuguza huko Mafia asingeiweza hali hii: maji yakishuka chini ya nyuzi 10 mwili wake hufa ganzi, akaelea kama gogo.

Video zako nimezitazama zote. Ile anayojaribu kuzama, kichwa kinaingia, mapezi ya mbele yanapiga maji, halafu upande wa kushoto wa gamba unamrudisha juu, nimeirudia mpaka mwanangu akaniuliza kama huyo kasa ni wetu. Unasema wenzako wanataka aachiwe wiki ijayo kwa kuwa mgeni rasmi anakuja na ngoma zimeshaandaliwa. Shoga yangu, kataa. Nakuomba kabisa, kataa.

Kasa asiyeweza kuzama hajapona, hata kama anakula na kidonda kinafunga. Nyasi za baharini anazokula ziko chini. Akibaki juu, jua litamchoma mgongo, mashine ya boti itamkuta hapo hapo, na njaa itammaliza taratibu. Watu watapiga makofi akiingia majini, kisha watakwenda kula pilau, na yeye atakuwa anahangaika nyuma ya mwamba.

Kwa nini anaelea? Umesema alitolewa kwenye jarife, ule wavu wa matundu makubwa. Kasa anapumua kwa mapafu kama sisi. Akinaswa chini hupambana, na maji yakimwingia mapafuni nimonia haiko mbali. Pafu likipasuka, hewa huvujia mwilini ikajikusanya chini ya gamba upande mmoja, na hilo ndilo ninalolishuku zaidi nikiona anavyolalia ubavu. Lakini inaweza pia kuwa gesi, utumbo umezibwa na plastiki. Mfuko unaoelea na yavuyavu, yule kiumbe laini wa baharini, machoni pa kasa ni chakula kile kile. Serikali ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tangu 1 Juni 2019, ila iliyokwisha kuingia baharini haikusikia tangazo.

Mimi siwezi kukuambia kwa video ni lipi kati ya hayo. X-ray itakuambia. Nenda hospitali ya wilaya uongee nao kwa adabu, uombe muda ambao hakuna wagonjwa. Kwingine kasa hupigwa picha kwenye mashine za watu na haidhuru kitu. Mfunike taulo lenye maji, mbebeni kwa kushika gamba, msimnyanyue kwa mapezi wala kumlaza chali. Na ukiona uzi wa mshipi umetokeza mdomoni au nyuma, usiuvute hata kidogo. Ukivutwa hukata utumbo ndani kwa ndani.

Kidonda cha begani kinanipa moyo. Nimeikuza ile picha: kingo zimeanza kuwa nyeupe, katikati pekundu, sioni usaha. Ndiyo maana kwenye mzigo nimeweka chupa mbili za asali ya msitu wa huku Mufindi. Kubwa ni yako na watoto. Ndogo ni ya kasa, nimeichuja kwa kitambaa kilichochemshwa. Hospitali za kasa za Marekani nazo hutumia asali, kwa sababu hunyonya maji kwenye kidonda na vijidudu vikashindwa kuishi. Osha kwanza kwa maji ya dripu, kausha, paka, funika kwa shashi, kisha mwache nje ya maji kivulini kwa saa kadhaa. Akirudishwa majini mara moja asali yote imekwenda.

Jambo lililonisumbua sana nilipokuwa huko pwani, nikiwa nimezoea ng'ombe, ni mwendo wa mwili wake. Ng'ombe namdunga sindano kila siku, baada ya siku chache naona tofauti. Kasa, antibayotiki nyingine akidungwa leo, dozi inayofuata ni baada ya saa 72, kwa kuwa mwili wake unaitumia dawa polepole. Kupona kwake kunahesabiwa kwa miezi. Waeleze wenzako hivyo, tena mbele ya wavuvi waliomleta, maana wao ndio wanaouliza kila siku. Na wale wanaosema analia kwa sababu anaitaka bahari, waambie yale machozi mazito ni chumvi inayotolewa na tezi zilizo karibu na macho. Hata kasa mzima anayapata. Mchunguze jicho lenyewe: likiwa limedidimia, ana kiu ya mwili, anahitaji dripu.

Mgeni rasmi asirudi mikono mitupu. Mwonyeshe kasa ndani ya tangi. Wasimamisheni wale wavuvi mbele ya watu, watajwe kwa majina. Wangeweza kumchinja usiku, wamekuletea. Hiyo kwangu ni sherehe kubwa kuliko kumtupa majini kiumbe mgonjwa. Na hapo hapo zungumzia Panza, Pemba, Machi 2024, watoto 8 na mtu mzima 1 waliokufa baada ya kula nyama ya kasa. Sumu ile haiondoki kwa kupikwa. Wazazi wasikie.

Atakapokuwa tayari utamjua. Atazama mwenyewe, atalala chini ya tangi akiwa amenyooka, atapanda kuvuta pumzi na kushuka tena bila kuegemea upande, na hivyo hivyo siku baada ya siku. Mfungie majani kwenye jiwe ili ayafuate chini. Usimlishe juu ya maji. Dawa ziwe zimekwisha, uzito umeongezeka. Hapo mpelekeni kwenye nyasi, mbali na njia ya maboti.

Mzigo unaondoka kesho na basi la Dar, ndugu yangu wa Mbagala ataupokea na kuupandisha boti ya Nyamisati. Ukifika Kilindoni, hapo Mafia, nipigie, halafu nirekodie anavyopumua, dakika tano bila kukata, nataka kusikia kama kuna mluzi.

Wasalimie watoto na mama mkubwa.

Shoga yako wa Mafinga